Siku za Msiba Kwenye Ratiba ya Ghala

Safari iliyonifikisha Chimala ilianzia Tunduru, kwenye lori la chumvi. Tunduru nilikuwa nimekaa misimu miwili ya korosho, nikichapa barua za watu na kutoa fotokopi kwenye duka la steshenari, na mwishoni ulikuwa umenirudia ule ugonjwa wangu wa kusimama mlangoni kutazama magari yanayoondoka. Rafiki yangu wa zamani akanipigia simu: kuna mama mkandarasi anajenga ghala la mpunga Chimala, anatafuta karani anayejua kompyuta. Kesho yake nilikuwa nimekaa kando ya dereva, begi miguuni.

"Huko unakwenda kwa nani?" dereva aliniuliza tulipokuwa tunaikaribia Namtumbo.

"Kwa mama mmoja. Simjui bado."

"Na yeye anakujua?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Basi mtajuana," alisema, na kila tulipopata abiria mpya wa njiani alimsimulia habari yangu upya kana kwamba mimi sipo.

Songea tulilala. Njombe ilitupokea kwa baridi ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimalize sekondari, na dereva akaniazima koti lake la mvua lenye harufu ya dizeli. Makambako chumvi ilishushwa, na mimi nikashushwa pamoja nayo. Nikapata lori la mbao linaloelekea Mbeya. Tulipoteremka kwenda Igawa joto likarudi, bonde la Usangu likafunguka upande wa kulia, tambarare hadi macho yanapochoka, na upande wa kushoto milima ikatusindikiza njia nzima. Nimepita sehemu nyingi za nchi hii, lakini nikifumba macho sasa, barabara ninayoiona ni ile.

Mama mkandarasi nilimkuta amesimama juu ya rundo la kokoto, kofia ngumu kichwani na kitenge kiunoni, anawaimbia mafundi. Namaanisha kuimba kweli. Alikuwa mtu wa Kihesa, Iringa, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na alipotaka watu waharakishe hakupiga kelele, alianzisha pambio. Alikuwa amejenga madarasa, nyumba za watu, ofisi moja ya usharika. Ghala hili lilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Mwenye ghala alikuwa mfanyabiashara wa Iringa mjini, Mhindu ambaye familia yake iliuza vitambaa pale tangu enzi za babu yake, na alikuwa amempa kazi hiyo wakati wengine walimwambia mwanamke huyo ataishia kwenye msingi.

"Kompyuta unajua?" aliniuliza.

"Najua, mama."

"Na hii akili mnemba wanayoisema?"

"Naisikia tu."

"Basi tutajifunza wote. Mhandisi wa mwenye ghala anataka ratiba ya kazi kila wiki, imeandikwa. Ratiba yangu mimi iko hapa," akagonga kofia yake. "Sasa itoe humu uiweke humo."

Ndivyo nilivyoanza. Kila siku baada ya ugali wa mchana, kwenye banda la mama lishe, nilifungua kompyuta, na fundi mkuu, mzee wa Kibena aliyekuwa na mama huyo tangu alipojenga darasa lake la kwanza, akanitajia kilichofanyika. Mimi nikaandika, na ile programu ya akili mnemba ikapanga: kazi gani imekwisha, kazi gani inasubiri nyingine, na ikichelewa hii ni ipi itakayovutwa nyuma. Ilikuwa inaelewa Kiswahili kuliko nilivyotegemea. Lakini ilikuwa na maswali. Kila kilichochelewa ilitaka kujua kwa nini.

"Huyu ni mwalimu wa zamu," fundi mkuu alisema siku ya pili, na jina likashika. Kila aliyepita shule zetu anamjua mwalimu wa zamu, anayesimama getini asubuhi kuwauliza wachelewaji walikuwa wapi.

"Mwalimu wa zamu anauliza kwa nini mitaro ya msingi haijafika kona ya pili."

"Mwambie pampu ya maji imeharibika. Na mwambie shikamoo."

Niliandika yote mawili. Jibu likaja, linaanza na "Marahaba."

Fundi mkuu akaacha kutafuna. "Ana umri gani huyu wa kuniitikia marahaba?"

"Sijui, mzee. Mdogo sana, nadhani."

"Hana adabu," alisema, lakini kesho yake alimwamkia tena, na kesho kutwa pia, kwa ajili ya kuwachekesha mafundi. Mpaka leo nikiona kompyuta inafunguka naisikia sauti ya mzee yule.

Kisha mama wa mwenye ghala akafariki.

Ilikuwa karibu na mvua za kwanza. Mitaro ilikuwa imechimbwa, nondo zimefungwa, tunajiandaa kumwaga zege. Simu ikaja asubuhi. Mama mkandarasi alisikiliza, akavua kofia ngumu, akasema kwa sauti ya chini, "Funikeni saruji. Tunakwenda Iringa."

Hakuna aliyeuliza. Mafundi wote walikuwa watu wa Iringa na Njombe, na mama yule mzee wa dukani alijulikana na mama zao. Wengi wao kanga za kwanza walizofungiwa mgongoni zilitoka kwenye rafu zake. Aliongea Kihehe, na kuna mafundi walioniambia aliwahi kuwagombeza kwa lugha hiyo utotoni kwa kuchezea mizani. Tulipanda Fuso la saiti, na kwa kuwa tunakwenda kuzika, tulichukua vifaa vya kuzikia: makoleo, sururu, majembe. Kwetu wanaume wa msibani ndio wanaochimba kaburi. Hakuna hata mmoja ndani ya Fuso lile, nami nikiwemo, aliyekumbuka kwamba Wahindu hawazikani.

Tuliteremka mbele ya nyumba kama jeshi la wakulima. Mwenye ghala alitoka, macho mekundu, akatutazama, akayatazama makoleo. Kisha akamshika fundi mkuu mkono.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Tumekuja kuchimba."

"Asanteni sana," alisema taratibu. "Lakini sisi ni kuni."

Basi tukaazimwa mashoka. Siku iliyofuata, mwana wa mwisho wa marehemu alipofika kutoka safari, mama yule alichomwa kwa kuni ambazo mafundi wetu walizipasua na kuzibeba kwa mikono yao. Fundi mkuu alizipanga kwenye rundo kama anavyopanga matofali, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anasogeza gogo. Sikuona mtu akicheka.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwa desturi yetu huondoki msibani mpaka tanga lianuliwe, na anayesema tanga limeanuliwa ni mwenye msiba. Tukakaa. Mama mkandarasi alileta wanawake wa jumuiya yake kutoka Kihesa, wakafua, wakafagia, wakabeba maji. Siku ya tatu tukadhani tutaambiwa. Hatukuambiwa. Siku ya nne tukaletewa chapati na dengu. Wiki ikaisha kwa dengu.

"Hata dagaa mmoja tu," fundi mkuu alininong'oneza uani. "Mmoja. Wa kunusa."

"Muombe mwenyewe, mzee."

"Msibani? Unanitafutia laana wewe."

Mwenye ghala alimtumia mama mkandarasi ujumbe wa simu, naye mama akatusomea pale uani: *Dada, asante kwa watu wako. Kaeni, hapa ni kwenu.* Baada ya hapo nani angethubutu kuondoka? Tulikaa karibu wiki mbili, mpaka ibada zao za mwisho zilipokwisha na jamaa zao wenyewe wakaanza kufunga mizigo.

Tulirudi Chimala na mvua. Udongo wa Usangu ukilowa unavimba na kuteleza. Mitaro yote ilijaa maji, kingo zikaporomoka juu ya nondo. Tulichimba upya, tukavuta maji, tukachimba tena. Zege lililokuwa limwagwe wiki moja lilimwagwa vipande vipande kwa muda mrefu sana, na kila kitu kilichofuata kikaburutwa nyuma.

Baada ya sikukuu za mwaka mpya barua ya mhandisi ikafika. Alikuwa kijana makini mwenye ofisi Iyunga, Mbeya, na hakuandika kwa hasira. Alitaka uchambuzi wa ucheleweshaji: kila sababu, ilichelewesha nini, na ilitoka upande wa nani. Sababu zikikubalika, mama mkandarasi ataongezewa muda. Zisipokubalika, atamshauri mwenye ghala kazi ile apewe mkandarasi mwingine. Mama aliisoma amesimama, kisha akakaa kwenye tofali. Hakuanzisha pambio siku ile.

Niliipa programu kila kitu: taarifa zetu za kila siku, risiti za saruji, tarehe za mvua, picha kutoka simu za mafundi. Ilifanya kwa muda mfupi kazi ambayo ingenichukua majuma. Jibu lake lilikuwa la adabu, nami sikulipenda. Mvua, ilisema, ni sababu ya kweli, lakini mvua iliikuta mitaro wazi. Kama zege lingemwagwa wakati uliopangwa, msingi ungekuwa umefunikwa kabla ya mvua. Chanzo kiko kwenye siku ambazo hakuna kazi iliyoandikwa. *Sijui nini kilitokea siku hizo,* iliandika. *Mnaweza kunieleza?*

Hatukuwa tumeziandika. Nani anaandika msiba kwenye taarifa ya kazi kama pampu iliyoharibika?

"Ieleze," mama alisema.

Nikaieleza, makoleo na yote. Ikatoa pole kwanza. Halafu ikauliza: mwenye mradi aliomba kazi isimame, au alikubali isimame? Kuna ujumbe wowote unaoonyesha hivyo? Kama upo, siku zile zinaweza kuombwa kama muda uliochelewa kwa upande wake, na ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote tulizonazo.

Fundi mkuu na mimi tukatazamana. Kaeni, hapa ni kwenu.

"Upo!" alisema fundi mkuu. "Mama, ujumbe upo kwenye simu yako. Mwalimu wa zamu leo kasema neno."

"Nimesikia."

"Basi tuuweke, mama. Kaandika mwenyewe kwa mkono wake."

"Mtu kanishukuru huku analia," mama alisema, "halafu mimi niuchukue ule ujumbe nimfanye shahidi dhidi yake? Niandike kwamba kifo cha mama yake kimenichelewesha, anilipe muda?"

"Si fedha, mama, ni muda tu," nilisema.

"Karani, wewe mama yako akifa, nije nikuletee hesabu ya siku nilizokaa?"

Tulibishana mchana ule wote. Fundi mkuu alimwambia kazi ikichukuliwa watu wake watarudi vijijini na aibu. Nilimwambia mhandisi hamjui marehemu, anataka sababu tu. Mwisho alinyanyuka, akajifunga kitenge upya. "Andika hivi: kazi ilisimamishwa na mkandarasi kwa uamuzi wake mwenyewe. Basi. Ujumbe usiutaje."

Niliiambia programu. Iliandika alivyotaka, kwa maneno safi, lakini chini ikaniwekea angalizo: kwa maelezo haya, huenda muda mwingi ulioombwa usikubaliwe. Nilimsomea. "Imetimiza wajibu wake," alisema. "Chapa."

Mhandisi aliisoma mbele yetu ofisini kwake Iyunga, malori yakinguruma nje barabarani. "Mama, hapa umejifunga mwenyewe," alisema. "Hakuna sababu? Wiki mbili, hivi hivi?"

"Ilikuwepo. Lakini si ya kudai."

Alimtazama, akanitazama mimi, mimi nikatazama dirishani. Akasema hawezi kuamua peke yake. Twende kwa mwenye ghala.

Dukani Iringa tulikuwa watano: mwenye ghala, mkewe aliyekuwa anakunja vitenge, mhandisi, mama, na mimi na kompyuta yangu. Fundi mkuu alikuwa wa sita, lakini alisimama mlangoni akisema viatu vyake vina tope. Mwenye ghala alisoma taarifa yote taratibu. Alipofika kwenye zile siku akarudia. Akavua miwani.

"Uamuzi wake mwenyewe," alisoma kwa sauti. "Dada, hizi si siku za mama?"

Mama mkandarasi akanyoosha mkono kuichukua taarifa.

Mkewe akaacha vitenge. "Ngoja. Nyinyi siku zote zile mlikuwa mnasubiri nini?"

"Tanga lianuliwe, mama," fundi mkuu alijibu kutoka mlangoni.

"Nani aanue?"

"Nyinyi wenye msiba."

Yule mama akashika mdomo. "Sisi tulikuwa tunasubiri nyinyi mchoke! Mimi nilimwambia huyu, desturi yao hawa ni kukaa, usiwaguse, watajisikia wamefukuzwa. Mpishi dengu zilimwisha, nikatuma kununua gunia lingine!"

"Na sisi tulizila kwa heshima," alisema fundi mkuu. "Zote."

Mwenye ghala alianza kucheka, kile kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, akafuta macho, akacheka tena. Hata mhandisi alishindwa. Lakini mwenye ghala alipotulia alikuwa mfanyabiashara tena.

"Dada, siku hizo sitakuhesabia. Mhandisi, ziweke kwangu, mimi nakubali. Lakini hata nikisaini leo, mpunga hausaini. Mwezi wa tano magunia yanaanza kuja, na nilishawaahidi wakulima pa kuweka. Ghala lisipokuwepo, kukuongezea muda kunanisaidia nini?" Akaigeukia kompyuta. "Hebu iulizeni hiyo yenu: mpunga ukija, mimi nitaweza kuingia mlango gani?"

Nikaiuliza hivyo hivyo. Nayo ikauliza: kuta za upande gani ziko juu zaidi? Malori yanaweza kugeuka wapi? Fundi mkuu akasahau tope, akaingia, akainama juu ya bega langu kujibu. Mama akajibu mengine, mhandisi mengine. Tulikuwa tumewagawa mafundi ncha zote mbili za jengo, kila ncha ikienda polepole. Ratiba mpya iliwahamishia wote ncha ya barabarani: sakafu ya huko imwagwe mapema ipate muda wa kukomaa kabla ya kubeba magunia, kenchi za paa na bati zifuate, na katikati uwekwe ukuta wa muda wa bati. Nusu ghala kwa mavuno, nusu nyingine baadaye. Mhandisi alibadilisha mambo mawili matatu kuhusu sakafu, akasaini.

"Nusu ya kwanza isipokuwa tayari mpunga ukifika," alimwambia mama, "sitakuwa na neno la kukutetea."

"Sitalihitaji," mama alisema.

Miezi ile naipenda kuliko yote niliyokaa kule. Mama alikuwa anaimba kuanzia asubuhi. Alijifunza kuongea na programu mwenyewe kwa simu, kwa sauti, akiwa juu ya jukwaa, na mara nyingi aliigombeza: "Hapana, baba, seremala huyo mgonjwa, nimekwambia jana!" Jioni tulikula samaki kwa mama lishe, tukatazama ukungu ukishuka milimani. Muda ulikuwa unabana. Kuna wiki bati zilikwama njiani na ratiba yote ikageuka nyekundu, na fundi mkuu hakumwamkia mwalimu wa zamu siku tatu.

Lori la kwanza la mpunga liliingia wakati fundi mmoja bado anapigilia bati la mwisho juu yake. Vumbi la makapi likajaa mlangoni, wabebaji wakaanza kupanga magunia, na mama mkandarasi akasimama kando ya mhandisi. Mwenye ghala alipita katikati ya magunia akipapasa ukuta kwa kiganja. Akatoka, akampa mama mkono kwa mikono yake miwili. "Maliza na hiyo nyingine," alimwambia. Kazi ikabaki kuwa yake.

Mimi nilikaa mpaka kenchi za nusu ya pili ziliposimama. Mama alikuwa ameshapata kazi nyingine Iringa, bweni la shule, na mwenye ghala ndiye aliyemsemea.

"Twende Kihesa, karani. Chumba kipo, nyuma ya kwangu. Utaoa huko."

Nilimpenda mama yule kama dada mkubwa, na hicho ndicho kilichonitisha. Nilijua nikiingia chumba kile sitatoka.

"Nimepata habari ya kazi Sumbawanga, mama."

"Kwa nani?"

"Simjui bado."

Alitikisa kichwa. Akachukua simu yake, akaiuliza mbele ya wote: "Karani anatuacha leo. Kazi gani itachelewa?" Akasikiliza, akatuambia: taarifa za kila siku zinahitaji mtu wa kuziandika, mengine yataendelea kama yalivyopangwa.

"Umeona?" fundi mkuu alifoka kutoka juu ya paa. "Hata mwalimu wa zamu hakulilii!"

Niliondoka asubuhi hiyo hiyo. Mama alinipa mfuko wa mchele na kitenge cha kumpelekea mama yangu, akanisindikiza hadi barabarani, kisha akarudi haraka kwa sababu zege lilikuwa linachanganywa. Nilipata nafasi kwenye gari la mizigo linalokwenda Tunduma. Tulipolipita ghala nilitoa kichwa nje. Mafundi walikuwa juu, wamepanga mstari kwenye mbao, nyundo zinapanda na kushuka, na sauti yake inawaongoza kutoka chini. Hakuna aliyesimamisha kazi kunipungia. Nilisikia nyundo zile mpaka gari lilipobadilisha gia.